Swali la Kunguru

"Kunguru katua tena," Mhunzi alitangaza mezani, simu mkononi, chakula kikimpoea.

Mkewe hakuuliza ni kunguru gani. Nyumba nzima ilimjua: mtu fulani aliyejiita hivyo mtandaoni, sura hawajawahi kuiona, aliyeshusha kifurushi cha Mhunzi na kung'ang'ania kwamba hakifanyi kazi.

Kifurushi hicho ndicho kilikuwa fahari ya Mhunzi. Alikiandika kwa Python, lugha ya kompyuta; kilikuwa kiongezo cha dibaga, ile programu ambayo mafundi wa kompyuta husakia makosa ndani ya programu nyingine. Alikiweka mtandaoni kila mtu akichukue, na hata jina la Mhunzi alijipa huko. Maelezo ya namna ya kukitumia hakuweka. Mwenye akili ataelewa, alisema, na asiye na akili atafute kazi nyingine.

Kazi hata yeye alikuwa anatafuta. Alilala na mkewe sebuleni kwa mama mkwe, nyuma ya pazia, na mama mkwe alikuwa na kikohozi maalumu cha kuwakumbusha hivyo. Sasa kiwanda cha pampu kilitaka fundi mmoja wa kompyuta, na kazi ilikuja na nyumba. Usaili ulikuwa kesho.

Akawasomea swali kwa sauti ya puani: Kunguru kakiweka kwenye kompyuta mpya, na dibaga inamjibu kwamba kiongezo hakijakamilika.

"Si umwambie tu kilichopungua?" mkewe alisema.

"Kwangu hakijapungua kitu. Kilichopungua ni kichwa chake."

Akaandika huku akitamka: jifunze kwanza kuwasha kompyuta, ndipo uje kusumbua watu wazima. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alicheka mpaka akainamia chini ya meza. Alikuwa hodari wa kucheka. Hata viatu alivyovaa alipewa na Mhunzi, vya kahawia, kimoja kikiwa na kamba nyeusi, na Mhunzi hakuacha mlo upite bila kuvitaja. Mama mkwe akakohoa kwa ajili yao wote wawili.

Shemeji alikuwa bado kainama simu ilipolia tena.

"Hana hata haya. Sikilizeni: samahani kaka, nimeshagundua, kuna faili moja hukulitia kwenye kifurushi, limebaki kwenye kompyuta yako, nalo ni…" Hakumaliza. Aliufuta ujumbe, akafunga mjadala, akamfungia na Kunguru mwenyewe. Usiku huo alilala fofofo.

Asubuhi shemeji alikuwa keshatoka, kusaka vibarua kama kawaida yake. Mke alimpigia Mhunzi pasi shati, akarudia kola. Kompyuta yake Mhunzi aliiacha nyumbani. Kubeba kompyuta ni mambo ya wanafunzi.

Kiwandani simu zilibaki getini. Mkuu wa karakana, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimkalisha mbele ya kompyuta iliyotolewa boksini siku hiyo hiyo. Hakuwa na maswali mengi. Akishushe kiongezo chake, akiwashe, waone.

Mhunzi alitabasamu kama mtu aliyeombwa aonyeshe anavyofunga vifungo vya shati.

Kifurushi kilishuka. Dibaga ikafunguka, ikaandika kwamba kiongezo hakijakamilika.

Akarudia. Akazima, akawasha. Nyumbani hakikuwahi kupungua kitu, kwa hiyo hakujua hapa kimepungua nini. Kola ikaanza kuloa.

Yule mama wala hakushangaa. Alimwambia kwamba kijana aliyetangulia kwenye usaili alichagua kuonyesha kazi yake kwa kiongezo hicho hicho, kikamgomea vilevile. Akaandika mwenyewe faili lililokosekana, kikaenda. Na aliwaeleza kwamba mwenye kifurushi alishapelekewa habari, akajibu kwa matusi.

"Nilitaka nikuone na wewe kwanza, mwanangu," alisema. "Basi. Nyumba ni ya yule. Lakini usiondoke bure, ngoja aje akuonyeshe."

Fundi mmoja akatoka kumwita. Mhunzi aliinamisha kichwa, macho sakafuni, akijitungia tusi la kumpokea nalo Kunguru.

Mlango ukafunguka. Viatu vya kahawia vikaingia, kimoja kikiwa na kamba nyeusi.