Ngozi ya Wande

Sheria ilimruhusu mtoto wa miaka kumi kutoa kipande cha mwili wake kwa utafiti bila kumuuliza mzazi, na ni yeye tu aliyeweza kukidai tena. Wande alitoa kipande cha ngozi ya mkono. Mwaka uliofuata aliugua homa ya uti wa mgongo, akafariki.

Baada ya mazishi, Nyamizi, mama yake, alikwenda kituo cha utafiti kukiomba kipande hicho akizike kaburini kwa mwanawe.

"Pole sana, mama," alisema mhudumu. "Lakini lazima Wande mwenyewe aje."

"Si nimemzika, kijana! Nitamtuma nani?"

Kijana yule aliinamisha kichwa. Kisha akampeleka ndani, akamwonyesha kisahani chini ya hadubini. Ile ngozi watafiti walikuwa wameigeuza kuwa misuli ya moyo, nayo ilikuwa inadunda.

Nyamizi aliitazama mpaka macho yakamuuma.

"Haisikii baridi?"

"Hapana, mama. Tunaitunza kwenye joto la mwili."

Hakuomba tena. Akawa anakuja kila wiki, anachungulia, anaondoka. Kaburini aliacha kwenda, na ndugu zake wakaacha kumtembelea.

Siku moja mpangaji mpya wa chumba cha jirani alimkuta akifua uani, wakasalimiana.

"Una watoto, dada?"

"Ninaye mmoja."

"Yuko shule?"

Nyamizi alikamua gauni hadi tone la mwisho, akaendelea kulikamua.