Murwaza wa Nyumba Hii

Jiwe la kumi na saba lilikuwa na rangi ileile ya maharage, na Yustasi alilitambua kwa kuliuma. Akalitema, akalitupa kwenye rundo pale kizingitini, akauinamia tena ungo.

Debe hili alikuwa akilichambua kwa wiki ya nne sasa. Kila jioni mawe yalikaribia kwisha, na kila asubuhi yalikuwepo palepale. Mwanzoni alilaumu macho yake. Kisha akagundua kwamba hata rundo la kizingitini halikui, akawalaumu kuku, maana kuku humeza changarawe.

"Baba Jovin," Kemilembe, mkewe, aliita kutoka chumbani. "Umefika wapi?"

"Nilipoanzia."

"Usijichoshe. Utamalizia kesho."

Ndivyo alivyosema kila siku, mke mwenye huruma kwa mume aliyeshindwa na maharage.

Tangu Kemilembe ateleze kibanjani na kuumia nyonga, Yustasi ndiye aliyekuwa murwaza wake, yule anayekaa na mgonjwa, akamlisha na kumfulia. Kabla ya hapo hakuwa na faida kwa yeyote. Baada ya kumzika mwana wao Jovin, alilala miezi miwili amegeukia ukuta, hata nyufa zake akazijua moja moja. Ilibidi mke aanguke ndipo mume akumbuke kuwa ana miguu. Na siku zile Jovin alipokuwa hospitali, mama yake ndiye aliyemuuguza. Yustasi alisimama dirishani ameshika chupa ya chai, kazi ambayo hata msumari ungeiweza.

Safari hii alitaka kufaa. Alitaka mtu mmoja tu amwambie hivyo.

Ufundi, hakuwa nao. Uji wake ulikuwa na mabonge ya kutafuna. Alifua shuka nyeupe pamoja na shati jekundu, mgonjwa akalala wiki nzima kama kadinali. Hata hivyo alijiona anaendelea. Siku hizi akiinjika ndizi na kwenda kuchota maji, alirudi akakuta zimeiva sawasawa, moto umechochewa, na ile chumvi aliyoisahau imo. Aliutazama mkono wake kwa heshima. Fimbo ya Kemilembe, ambaye hakuwa amevuka mlango kwa mwezi mzima, ilikuwa na tope bichi nchani. Hilo nalo aliwaachia kuku.

Leo akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja kumshukuru murwaza. Yustasi alikuwa amenyoa ndevu, amepigilia msumari ukutani wa kutundikia zawadi, na ametunga hotuba ya unyenyekevu. Mbuzi alikuwa ameisikiliza mara mbili.

"Shikamoo, mzee." Alikuwa Adventina, mwenyekiti wao, na nyuma yake wenzake wawili. Alibeba kifurushi.

"Marahaba, karibuni. Mama alikuwa macho sasa hivi tu."

Chumbani kukasikika mkoromo, mkubwa kuliko kawaida.

"Tusimwamshe," Adventina alisema haraka.

Yustasi akawapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna. Adventina alitafuna taratibu, akimwangalia kutoka kidevuni hadi miguuni.

"Umenyoa, mzee."

"Kidogo."

"Na chakula, unakula?"

"Nakula. Kwa kuwa napika mwenyewe, nakula kwa tahadhari."

Walicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Mmoja alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Adventina akaandika kitu kwenye kikaratasi, akakipenyeza ndani ya kifurushi. Yustasi alipendezwa, sifa zikiandikwa hazipotei.

"Basi," Adventina alisema, "tumekuja kumshukuru murwaza wa nyumba hii."

Yustasi akasimama. Hotuba yote ikamtoka kichwani, ikabaki sentensi ya mwisho.

"Sikufanya lolote."

"Tunajua," alisema Benadeta, mkubwa wao kwa umri, na Adventina akamkanyaga mguu.

Kisha Adventina akampa Yustasi kifurushi kwa mikono miwili. "Utaratibu wetu, mzee, murwaza hapokei kwa mgeni. Hupokea mkononi mwa mgonjwa wake."

"Naelewa," alisema Yustasi, na kweli alidhani anaelewa. Atangoja Kemilembe aamke, ampe kifurushi, Kemilembe amrudishie yeye kwa maneno mazuri.

Subira yake ilidumu mpaka wageni walipopita mgomba wa mwisho. Akafungua.

Lilikuwa gauni. La maua, na lina marinda. Hakuwalaumu, fundi aliyezoea kushonea wanawake huenda mkono ukampeleka huko. Alilipima begani. Alikuwa anaufikiria ule msumari wakati kikaratasi kilipodondoka.

*Mama Jovin, murwaza wetu, pole na kazi. Mgonjwa wako tumemwona: anakula, ananyoa, anachekesha watu. Usiinuke bado. Mawe yakikupungukia, tutakuletea mengine.*

Yustasi alisoma mara mbili, mara ya pili akiwa ameketi. Chumbani mkoromo ulikuwa umekoma.

Alikirudisha kikaratasi, akalikunja gauni kama lilivyokuwa, akaingia nalo chumbani, akampa Kemilembe kwa mikono miwili. Alipotoka nje aliokota konzi ya mawe pale kizingitini, akayamwaga ndani ya debe, akakoroga.

"Baba Jovin," Kemilembe aliita baada ya muda. "Umefika wapi?"

"Bado mengi, Mama Jovin. Nitamalizia kesho."