Ridhaa ya Mzazi

“Kwa nini umechagua uuguzi?” mwalimu aliuliza.

“Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwafunga kuku wangu vitambaa miguuni,” mama alijibu.

“Mama! Nimeulizwa mimi.”

“Mzazi,” mwalimu alisema kwa upole uliokuwa umeanza kuchakaa, “siku ya usaili wa chuo hutakuwepo.”

“Ndiyo maana najibu leo.”

Meza ya nyuma iliangua kicheko. Binti aliinamisha kichwa, akapangusa meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa wanafunzi wa kidato cha sita, kila mmoja na mzazi wake ubavuni. Miaka iliyopita wanafunzi walichagua vyuo vizuri, kisha wazazi wakawazuia siku ya kuondoka, nafasi zikapotea bure. Ndipo mwalimu wa ushauri akaweka sharti: hakuna ombi litakalotumwa kabla mzazi hajasimama na kutamka mbele ya watu kwamba ameridhia. Alikuwa mpya kazini, na jambo aliloliogopa kuliko yote ni kusemwa kwamba ana upendeleo. Binti alipomwomba amwondolee sharti hilo, alijibiwa, “Nikikusamehe wewe, wengine watasemaje?”

Chuo alichokitaka kilikuwa mbali, safari ya kulala njiani, na mama hakutaka kusikia habari zake.

“Hapa jirani pana chuo cha ualimu,” mama alisema. “Ualimu una ubaya gani?”

“Ualimu hauna ubaya wowote,” mwalimu alidakia.

“Sikukuuliza wewe.” Mama alimrudia binti. “Na huko utakula nini? Wewe hubandika chai ukaisahau mpaka sufuria linaungua. Na wanaume wa huko chuoni je?”

“Mama, wanaume ni jambo la mwisho ninalolifikiria.”

“Zamani ulisema hivyo hivyo, nami nikaamini.”

Binti alinywea. Mwalimu alijikuna shingo, akageukia dirisha, akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

“Tuendelee,” alisema. “Mzazi, tafadhali, mwache ajibu. Kwa nini uuguzi?”

Binti aliinua kichwa.

“Mama alipolazwa,” alisema, “muuguzi wa zamu alikuwa akimgeuza kitandani polepole, huku akimweleza kila anachofanya, ilhali mama hakuwa na fahamu. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua kuzungumza na mtu asiyesikia. Akaniambia, ‘Wewe una hakika gani kwamba hasikii?’ Tangu siku hiyo sijatamani kazi nyingine.”

Mama alifungua mkoba wake, akaufunga, bila kutoa kitu.

“Hukupata kunieleza habari hii.”

“Ningekueleza lini, Mama? Kila nikiulizwa, unajibu wewe.”

Safari hii meza ya nyuma haikucheka.

“Mzazi,” mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa imara tena, “leo ndiyo siku ya mwisho. Usiporidhia, ombi lake haliendi. Siwezi kulituma, hata kama moyo wangu unataka.”

Mama alimtazama mwalimu, kisha akamtazama binti, kama mtu anayepima mizigo miwili kwa macho. Alishika ukingo wa meza, akainuka.

“Nimeridhia!” alisema, na sauti yake ikafika hadi mlangoni.

Ukumbi ulipiga makofi. Binti alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Mama aliviondoa viganja hivyo kimoja kimoja, kisha akamwonyesha mwalimu kwa kidevu.

“Nenda, mwanangu. Mwanao huyu amekwisha kuwa mwalimu. Mashati yake atajifulia mwenyewe.”