Theluthi ya Kanga

Shambani kwa Nungunungu kibarua hutaja sehemu yake kabla ya kuvuna, na akishataja habadilishi.

Msimu mmoja walikuja wawili. Kima alijiona msomi. Kanga aliacha shule darasa la tatu ili alee wadogo zake saba, na siku hiyo nyumbani hapakuwa na chakula.

"Nataka moja ya nane," Kima akawahi kusema. "Nane ni kubwa!"

"Mimi naomba moja ya tatu," akasema Kanga.

Kima akacheka akishika mbavu. "Tatu! Wadogo zako watalamba maganda, dada."

Wakavuna viazi ishirini na vinne. Kanga akachora mistari mchangani, akavipanga mafungu manane yaliyo sawa. Kila fungu lilikuwa na viazi vitatu.

"Moja ya nane ni fungu moja hapa, kaka."

Akavirundika tena, akapanga mafungu matatu. Kila fungu lilikuwa na viazi vinane.

"Na moja ya tatu ndiyo hii yangu."

"Lakini nane ni kubwa kuliko tatu!" Kima akalia.

"Ndiyo maana fungu lako ni dogo. Viazi ni vilevile, ila umevigawa mara nyingi."

"Ulishataja," Nungunungu akamwambia Kima.

Kanga akarudi kwake kichwa juu. Wadogo zake wakala kimoja kimoja, na cha nane akala mwenyewe.

Asubuhi Kima alisimama mlangoni ameshika kijiti. "Mwalimu," akasema, "nichoree tena ile mistari."