Kushoto Juu ya Kulia

"Usimkaze sana, mwanangu," alisema mama yake Chizuru akiwa mlangoni. "Hapendi mkanda ukimbana."

"Nitakuwa mwangalifu, mama."

"Ningemvika mwenyewe, lakini mikono hii leo hainisikii." Akainyoosha. "Afadhali wewe, rafiki yake."

Rafiki! Thiri aliinamisha kichwa ili mama asiuone uso wake. Mlango wa karatasi ukateleza, ukafungwa, wakabaki yeye na Chizuru.

Kimono, vazi refu la pande mbili zinazopishana kifuani, ilikuwa ya hariri, rangi ya zambarau, imeshonwa kwa ajili ya mahafali ya mwezi huu wa Machi. Chumba cha pili watu walikuwa wameshajaa. Profesa Onodera alikuwepo na maabara yake nzima, na bibi yake Chizuru mzaa baba pia, ambaye jicho lake halikosi kitu. Wote wangemwona Chizuru alivyovaa. Thiri alikuwa akiota nafasi kama hii tangu Agosti.

"Dada Chizuru," alinong'ona akipiga magoti kando yake. "Uliwahi kunivika. Leo zamu yangu."

Chizuru hakumjibu, wala hakumtupia jicho. Uso wake ulikuwa umeshapakwa poda, na midomo rangi. Thiri hakutarajia salamu. Tangu majani yalipoanza kupukutika, kila walipokutana kwenye ujia wa maabara, Chizuru alimpita kama anayepita nguzo.

Kabla ya hapo walikuwa chanda na pete. Thiri alipofika kutoka Mandalay, hajui hata kuagiza bakuli la tambi, Chizuru ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha kuinama, kuvua viatu, kumwita kila mtu kwa heshima yake. Alimsifu mbele za watu: "Huyu Thiri ana akili kutushinda sote!" Kilemba cha ukoka, na Thiri akakivaa kichwa juu. Profesa alikuwa na nafasi moja tu ya uzamivu, nao wawili ndio walioitaka. Thiri alikuwa mbele.

Agosti ikaja, Chizuru akamwalika kwao, katika nyumba hii hii. Ilikuwa sikukuu ya kuwapokea wafu, ya kwanza tangu babu yake afariki, na Profesa alikuwa mgeni wa heshima. Chizuru akamwazima vazi la pamba, akamvika kwa mikono yake.

"Kulia juu ya kushoto, mdogo wangu. Usije ukaligeuza. Ndiyo adabu ya sikukuu."

Thiri akaingia sebuleni akitabasamu. Bibi akaangusha kikombe.

"Mvueni! Hivyo huvikwa maiti! Huyu amekuja kumcheka marehemu mume wangu?"

Walio hai hufunga kushoto juu ya kulia. Hata mtoto mdogo anajua. Thiri akamgeukia Chizuru amwokoe. Chizuru akainama hadi mkekani, sauti tamu kama asali.

"Msamehe, bibi. Mgeni huyu. Hajui mila."

Profesa aligeuza uso tu, na miezi miwili baadaye nafasi ikawa ya Chizuru. Thiri alimvizia kwenye ngazi za maabara amuulize kwa nini.

"Kwa nini nini?" Chizuru alicheka. "Nguo tu ile, Thiri. Mbona nyie watu wa huko mnaweka kila kitu moyoni?"

Mtenda husahau. Mtendewa hasahau. Thiri alinunua kimono ya mtumba, akajifungia chumbani, akajizoeza mbele ya kioo hadi mikono ikajua yenyewe. Kushoto, kulia, kufunga, kufungua. Hakumwambia mtu. Mwisho wa mwezi huu viza yake ingekwisha, angerudi Mandalay mikono mitupu, na majirani walikuwa wakimsubiri wapate cha kusema. Kabla ya kupanda ndege alitaka jambo moja tu, na dawa ya moto ni moto.

Sasa alipitisha mkono chini ya mgongo wa Chizuru, akainyoosha hariri. Akaukunja upande wa kushoto kwanza, kisha akauleta wa kulia juu yake. Kulia juu ya kushoto, vile vile kama alivyovikwa yeye. Akatazama. Kupitia ukuta alikuwa akisikia kikohozi cha Profesa na fimbo ya bibi ikigonga sakafu.

"Hapana," akajisemea. "Si hivyo."

Akafungua taratibu, akaanza upya. Kulia kwanza, kisha kushoto juu yake, sawasawa, bila kukunjamana, kama walivyovaa wasichana wote waliokuwa wakipita barabarani wiki ile kwenda kupiga picha za mahafali. Akafunga mkanda bila kuukaza. Akaondoa unywele mmoja uliokuwa umeangukia paji la uso. Chizuru alipendeza, hilo Thiri hakulikana, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti roho yake ikatulia.

"Tayari, mama!"

Mlango ukateleza. Ikaingia harufu ya ubani, wakaingia watu wenye nguo nyeusi, na wanaume wawili wamebeba jeneza. Bibi akatangulia na fimbo yake, akainama juu ya mjukuu wake, akashtuka.

"Nani kamvika hivi? Hivi ni vya walio hai! Mtoto wangu ataendaje kwa wafu na vazi hili?"

Macho yote yakamgeukia Thiri. Thiri akainama hadi mkekani.

"Nisamehe, bibi," alisema, sauti tamu kama asali. "Mimi mgeni. Sijui mila."