Kifaranga Mwalimu

Vifaranga watatu wa bata mzinga walikuwa wamekufa tangu Raya, wifi yake Mwanaidi, alipochungulia boksi lao na kuwasifu bila kusema mashallah. Leo karudi. Mwanaidi akaziba mlango kwa mwili wake.

"Wifi, hilo jicho lako halijatosheka?"

"Nimekuletea dawa. Nasikia wanaharisha njano. Wangu walianza hivyohivyo, wakaisha wote. Bwana mifugo kasema ugonjwa wanaupata kwa kuku, na kuku mwenyewe wala haugui. Hujawachanganya na kuku?"

 Nyuma ya Mwanaidi, bata mzinga wanne waliobaki walikuwa wamejikunyata boksini. Katikati yao kifaranga wa kuku, ambaye Mwanaidi alimtia kwa mkono wake mwenyewe awafundishe kula, alikuwa akidonoa pumba, mzima kabisa, akiwaita.