Kitambaa cha Kwenye Waya

Kabla ya kuruka, rubani Malimi humwachia simu yake Tabu, anayechanganya dawa ya kunyunyizia pamba, naye huiweka ndani ya ndoo. Leo hakumwachia.

Ndege ilipotua, Tabu aliona kitambaa chekundu kimenasa kwenye gurudumu. Alikitambua. Alikifunga mwenyewe kwenye waya wa umeme, mwisho wa shamba, siku umeme ulipokatwa, ili rubani auone kwa mbali.

“Kaka Malimi, ulikuwa unatazama nini huko juu?”

“Shemeji yako katuma picha. Mtoto ameota jino.”

“La juu au la chini?”

Malimi alikitazama kile kitambaa.

“Sijaliona bado.”

Simu ikaita mfukoni mwake. Aliitoa, akaiweka ndani ya ndoo, na wote wawili wakasimama wakiisikiliza.